Mwani Juu ya Matumbawe: Dawa Yake Si Sumu

Tumbawe si jiwe, wala si ua. Ni mnyama, tena ni jamii nzima ya wanyama wadogo waishio pamoja, kila mmoja akiwa na kinywa chake na vidole vyake vyembamba, na wote wakijenga nyumba moja ya chokaa. Wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki waliyajua matumbawe zamani sana, maana nyumba za mawe za Lamu, za Mombasa na za Unguja zilijengwa kwa mawe yake na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Siku hizi mnyama huyo amepata makao ambayo mababu hawakuyawazia, nayo ni tangi la kioo lililowekwa sebuleni. Tangi la namna hiyo laweza kutunzwa hata Kinyinya, wilayani Gasabo, juu ya vilima vya kaskazini mwa jiji la Kigali, mahali palipo mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000.

Walakini mwenye kuleta bahari nyumbani huleta na vita vyake. Miezi michache baada ya tangi kujazwa, aghalabu huonekana manyoya ya kijani shinani mwa tumbawe, au utando mwekundu juu ya mchanga, au vipovu vigumu vya kijani vilivyojibana katika nyufa za mawe. Mara nyingi mwenye tangi huona ni pambo tu. Baada ya majuma kadhaa manyoya hupanda, hulizunguka tumbawe, hulinyima mwanga na mwendo wa maji, nalo hujikunja na kurudi nyuma. Nyama yake ikishaondoka na kuacha mfupa mweupe, mwani huteka mahali hapo siku hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzuia maafa hayo bila kuliua tumbawe lenyewe, na bila kuwatia hatarini watu wa nyumbani.

MWANI SI ADUI KILA MAHALI

Kwanza yapasa kuondoa chuki isiyo na sababu. Kisiwani Unguja mwani ni zao la biashara lililoanza kulimwa mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, ambao hufunga mbegu katika kamba wakati wa maji kupwa na kuvuna baada ya majuma machache. Hata ndani ya nyama ya tumbawe mna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hupokea mwanga wa jua, hutengeneza sukari, na humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula anachohitaji. Rangi nzuri za matumbawe mengi hutokana kwa sehemu na mgeni huyo. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe humfukuza, likabaki jeupe na lenye njaa. Ndivyo yalivyokuwa maafa ya mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, ambapo matumbawe mengi ya Kenya, Tanzania na Shelisheli yalipauka na kufa.

Jambo hilo ni la kukumbukwa katika kila hatua ya tiba. Tumbawe huishi kwa mwani, na huuawa na mwani. Kwa hiyo mtu atakayemwaga tangini sumu ya kuua kila mwani atamwua adui pamoja na mpishi wa nyumba. Dawa ya kweli ni kurudisha mizani.

FUNZO LA BAHARINI

Bahari yenyewe imetoa mafunzo mawili yaliyo kinyume, na mwenye tangi apaswa kuyajua yote mawili.

Funzo la kwanza latoka Jamaica. Huko wavuvi walikuwa wamekwisha kuwapunguza mno samaki wala mwani, na kazi ya kusafisha mwamba ikabaki kwa wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi, ambao hata wavuvi wa pwani yetu huwaogopa kuwakanyaga. Mwaka 1980 kimbunga kilivunja matumbawe mengi. Kisha mwaka 1983 maradhi yaliwakumba wanyama hao wa miiba katika bahari ya Karibi, wakafa karibu wote. Mwamba ulibaki bila mlinzi. Wataalamu waliopima sehemu nyingi za pwani ya Jamaica waliona kwamba matumbawe yaliyofunika asilimia 52 ya mwamba mwaka 1977 yalishuka hadi asilimia 3 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwani ukapanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 92.

Funzo la pili latoka Kenya. Katika miamba iliyovuliwa kupita kiasi, samaki aitwaye kikande, ambaye huvunja na kula wale wanyama wenye miiba, alipungua sana. Wanyama hao wakaongezeka bila kizuizi. Mwani waliumaliza, lakini hawakukoma hapo, bali waliendelea kuguguna mwamba wenyewe hata ukaliwa kuliko ulivyojengwa. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ambamo uvuvi umekatazwa, mizani ilikuwa bora zaidi.

Maana yake ni wazi. Tangi lisilo na mlaji wa mwani litafunikwa, na tangi lililojazwa walaji bila hesabu litaharibika kwa njia nyingine.

KUMTAMBUA ADUI

Askari hapigi risasi gizani. Kadhalika mwenye tangi asianze tiba kabla ya kujua ni kitu gani kilichoota. Aina nne ndizo zinazosumbua mara nyingi.

Ya kwanza ni mwani wa nywele, wenye nyuzi za kijani laini zinazopepea majini. Ukivutwa hung'oka, ila huacha mizizi midogo katika jiwe.

Ya pili ni mwani wa vipovu, wenye vidonge vya kijani vinavyong'aa kama shanga. Huo yafaa kutolewa mzima mzima kwa kuuchokonoa chini yake, si kuupasua.

Ya tatu ni utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Huo si mwani halisi, bali ni jamii ya bakteria watumiao mwanga. Hupenda mahali penye maji yaliyotulia na uchafu uliolala.

Ya nne ni ute wa kahawia wenye nyuzi na viputo vya hewa, ambao hupungua usiku na kurudi mchana. Viumbe hivyo mara nyingi hutokea katika tangi lililosafishwa kupita kiasi, ambamo lishe ya majini imekwisha kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona ute, huongeza kusafisha na kupunguza chakula, na kwa kufanya hivyo humpa adui nafasi, kwa sababu washindani wake wote wamekufa njaa. Dawa ya ute huo ni kuacha lishe kidogo irudi majini, kutoa ute kwa mpira wa kufyonza, na kufunika tangi lisipate mwanga kwa muda wa siku tatu hivi.

Tangi jipya laweza pia kupata vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo katika majuma ya mwanzo. Hilo kwa kawaida huondoka lenyewe, wala halihitaji hofu.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Mwani hauji kwa bahati mbaya. Huja kula, na chakula chake kikubwa ni vitu viwili, naitreti na fosfeti, ambavyo hutokana na chakula cha samaki, kinyesi chao, na vitu vilivyokufa na kuoza. Vipimo vya maji vyenye chupa ndogo za dawa huonyesha kiasi chake. Tangi la matumbawe hupendelea naitreti ya miligramu 2 hadi 10 katika lita moja, na fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1. Si lazima viwe sifuri, wala haifai viwe sifuri.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mkono wa mlishaji. Katika nyumba yenye watoto watatu, samaki waweza kulishwa asubuhi na baba, adhuhuri na mtoto mkubwa, na jioni na mdogo aliyeona wanapapatika kwenye kioo. Samaki hupapatika hata akiwa ameshiba. Na achaguliwe mlishaji mmoja, atoe kiasi kinachokwisha katika dakika mbili, basi. Kamba au nyama ya samaki iliyogandishwa iyeyushwe kwanza katika chujio, na maji yake yamwagwe nje, kwa kuwa nayo ni lishe tupu ya mwani.

Chanzo cha pili ni maji. Maji ya bomba ya Kigali hutiwa klorini ili yamfae mwanadamu, jambo ambalo ni jema, lakini tumbawe si mwanadamu. Maji ya mvua nayo hudanganya macho. Yakipita juu ya bati huchukua vumbi, mavi ya ndege, na chembe za zinki, na zinki huwadhuru konokono na matumbawe. Maji yafaayo ni yale yaliyopitishwa katika mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, ambao huondoa karibu kila kitu, kisha yakachanganywa na chumvi maalumu ya matumbawe kwa kiasi cha gramu 35 hivi katika lita. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, maana haina kalisi wala magnesi ambazo tumbawe hujengea mifupa yake.

Wengi hutengeneza maji ya chumvi kwa uangalifu, kisha huharibu kazi yao katika kujaliza maji yanayopotea hewani. Tangi la lita 200 laweza kupoteza lita 2 kwa siku. Chumvi haipotei, huondoka maji peke yake, kwa hiyo hujalizwa maji matupu yasiyo na chumvi. Akijaliza maji ya bomba, mwenye tangi huingiza lita 60 kwa mwezi, na kila kilichomo ndani yake hubaki. Ikiwa maji hayo yana naitreti ya miligramu 5 katika lita, basi kila mwezi huongezwa miligramu 300, yaani 1.5 kwa kila lita ya tangi, kabla hata samaki hajalishwa. Kwa mwaka mmoja hesabu hiyo hufika 18.

Tiba ya kupunguza lishe ni kubadilisha asilimia 10 ya maji kila juma. Na isitarajiwe miujiza. Ikiwa naitreti ni 40, mara ya kwanza itashuka hadi 36, na baada ya majuma manne itakuwa 26 hivi, mradi tu hakuna kilichoongezwa. Itachukua majuma saba kufika chini ya 20. Mwenye kubadilisha maji yote kwa siku moja ili awahi atawashtua wanyama wake kuliko mwani ungewadhuru. Chombo cha kutoa povu husaidia sana, kwa kuwa huondoa uchafu kabla haujaoza. Husaidia pia kuwa na chumba kidogo kilichounganishwa na tangi, chenye taa yake na mwani wa nyuzi nene uliopandwa makusudi, ili ule lishe badala ya ule mbaya. Kila ukikua, huchumwa na kutupwa, na lishe iliyomo hutoka pamoja nao.

KUSAFISHA TUMBAWE LENYEWE

Baada ya kupunguza chakula cha adui, ndipo afukuzwe kwa mikono. Ikiwa tumbawe limekaa juu ya jiwe dogo linaloweza kuinuliwa, kazi hufanyika hivi.

Atwae ndoo mbili safi, zisizopata kutiwa sabuni, azijaze maji ya tangi lenyewe. Avae glavu ndefu na miwani ya kukinga macho, kwa sababu itakayoelezwa mbele. Alitie tumbawe katika ndoo ya kwanza, ang'oe nyuzi kwa kibano kidogo, kisha asugue jiwe kwa mswaki mpya kuzunguka shina, bila kuigusa nyama ya mnyama. Asisugue ndani ya tangi, kwani vipande vitasambaa na kuota mahali pengine.

Mizizi iliyobaki jiweni yaweza kupakwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya kuoshea vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa. Jiwe hutolewa nje ya maji, dawa hupakwa kwa brashi ndogo juu ya mwani tu, huachwa dakika moja au mbili, kisha tumbawe husuuzwa katika ndoo ya pili na kurudishwa mahali pake. Tumbawe halifi kwa kukaa nje kwa muda mfupi huo, kwani yako matumbawe ya pwani yanayobaki juu ya maji wakati wa bamvua. Hata hivyo na ajaribu kwanza kwa tumbawe moja lisilo la thamani, angoje siku tatu, aone. Maji ya ndoo zote mbili yamwagwe nje, yasirudi tangini kamwe.

Tumbawe lisiloweza kuinuliwa husafishwa pale pale kwa kung'oa taratibu, huku mtu wa pili akishika mpira wa kufyonza karibu na mkono, ili kila kipande kinachong'oka kiingie ndooni. Kazi hii ni ya watu wawili, na yafaa kuwa ya mume na mke au ya mzazi na kijana mkubwa.

Kisha waletwe wasaidizi. Konokono wachache wa baharini na kaa wadogo waishio katika makombe hutosha kwa tangi dogo. Kangaja na tasi ni walaji wakubwa wa mwani, lakini hukua na huhitaji nafasi ya kuogelea, na kuwatia katika tangi la lita 200 ni kuwafunga gerezani bila kosa. Taa nazo ziwashwe saa nane kwa siku, na tangi lisikae mbele ya dirisha la jua.

HEWA YA KINYINYA

Vitabu vingi vya matangi vimeandikiwa watu waishio karibu na usawa wa bahari. Kinyinya iko juu, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,500, na huko hewa ni nyepesi. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 26 huweza kushika oksijeni kiasi cha miligramu 6.6 katika lita pale Mombasa. Kinyinya hushika 5.6 hivi. Upungufu huo hauonekani mchana, kwa maana mwani na matumbawe hutoa oksijeni wakati wa mwanga. Usiku wote huivuta. Tangi lililojaa mwani laweza kukosa pumzi alfajiri, na samaki wakaonekana wamekufa asubuhi bila jeraha, na watu wakasema ni ugonjwa.

Kwa sababu hiyo mwani mwingi usiuawe kwa siku moja. Mwani uliokufa huoza, na kuoza hula oksijeni. Na isafishwe theluthi moja ya tangi juma hili, theluthi ya pili juma lijalo, na ya tatu baadaye. Pampu ya hewa iendeshwe usiku, hasa wakati tangi limefunikwa lisipate mwanga, na nyumba iwe na pampu ndogo ya betri kwa ajili ya umeme unapokatika. Pia usiku wa Kigali huweza kushuka hadi nyuzi 15 au 16, ilhali matumbawe hutaka 24 hadi 27, kwa hiyo kipasha joto ni cha lazima huku, ingawa mtu wa Mombasa huhangaika badala yake kuyapoza maji.

DAWA ZILIZO HARAMU TANGINI

Mrututu hujulikana kwa wakulima, nao huua mwani wa mabwawa. Katika tangi la matumbawe ni mauti. Shaba iliyomo, hata ikiwa kidogo sana, huua konokono, kamba na matumbawe, na hunata katika mawe kwa muda mrefu. Ndoo iliyopimiwa dawa za shambani isiguse tangi.

Dawa za kuua bakteria zinazotolewa hospitalini nazo zisitumike kuondoa utando mwekundu. Huua pia bakteria wema wanaogeuza amonia ya samaki, na maji hugeuka kuwa sumu. Tena dawa hizo zikitumiwa ovyo huwazoeza wadudu wa maradhi, hata siku mtoto augua zisimfae. Utando mwekundu huondolewa kwa kuufyonza, kuongeza mwendo wa maji mahali ulipo, na kupunguza chakula.

SUMU ILIYOFICHIKA

Jambo linalofuata ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na lisisahauliwe na yeyote mwenye tangi.

Yako matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo au maua madogo yaliyosongamana. Hupendwa kwa rangi zake na kwa wepesi wa kuota. Baadhi yake yana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko nyingi zitokazo kwa viumbe. Tumbawe likiwa shwari majini halimdhuru mtu. Hatari huja anaposafisha. Mtu akiliondoa jiwe lenye matumbawe hayo na kulichemsha jikoni, au kulimwagia maji ya moto ili aue mwani, mvuke huchukua sumu na kuieneza nyumba nzima. Kusugua kwa nguvu kunakorusha matone, au kukata tumbawe bila miwani, huweza kuitia machoni au katika kidonda.

Hizi si hadithi za kutishia watoto. Huko Alaska, Marekani, kati ya mwaka 2012 na 2014, watu waliugua majumbani na madukani kwa kuvuta sumu hiyo. Machi 2018 katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia moja na wazimamoto waliokuja kuisaidia walipelekwa hospitali baada ya mwenye nyumba kusafisha tangi lake.

Dalili ni ladha chungu au ya chuma kinywani, kikohozi, kifua kubana, homa na kutetemeka, maumivu ya misuli, na macho kuwa mekundu. Mwenye kuziona baada ya kusafisha tangi asilale akingoja zipite. Watu wote na watoke nje, waende hospitali, wamwambie daktari waziwazi kwamba walikuwa wakishughulikia matumbawe, na kwamba inashukiwa palitoksini. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hiyo, lakini msaada wa mapema kwa pumzi na moyo huokoa. Nchini Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa nambari 912.

Basi iwe amri ya nyumba kwamba jiwe la tangi halichemshwi, halimwagiwi maji ya moto, wala halisuguliwi jikoni. Madirisha yafunguliwe, watoto wakae mbali, na mwenye kidonda mkononi asiingize mkono majini.

TANGI NA KAZI YA LINDO

Nyumba ya askari ina shida yake. Mwenye tangi aweza kupangiwa zamu ya usiku, au kuhamishwa, au kutumwa nje ya nchi. Mwezi Julai 2021 wanajeshi na polisi wa Rwanda walipelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, pwani ambayo watu wake husema Kimwani, lugha iliyo jirani na Kiswahili, ambamo neno mwani lina maana ya ufuko. Mtoto wa Kinyinya aliyeyaona matumbawe nyuma ya kioo tu aweza kuwa na mzazi aliyesimama mbele ya bahari yenye miamba hai.

Wenye safari za namna hiyo wasishawishike kurudi na kipande cha tumbawe mfukoni. Matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Rwanda ni mwanachama wake, nayo hayavuki mpaka bila kibali. Zaidi ya sheria, kipande kilichong'olewa huchukua mbegu za mwani na wadudu, na huacha kidonda mwambani. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, mwamba wa upande wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Wageni huja kuogelea juu yake na kutazama, kisha huondoka mikono mitupu. Anayetaka tumbawe kwa tangi lake na alipate kutoka kwa mfugaji aliyelikuza kutokana na kipande cha tangi jingine.

Abakiye nyumbani asiachiwe tangi kama mzigo usio na maelezo. Liwekwe daftari, mfano wa kitabu cha matukio katika kituo cha polisi, liandikwe tarehe, joto, naitreti, fosfeti, kiasi cha chakula, na kila kilichobadilishwa. Aliyetoka zamu asome, na anayeingia asome. Katika daftari hilo ndimo sababu ya mwani hujulikana, kwa maana mtu hukumbuka tumbawe lililokufa lakini husahau chakula kilichoongezwa miezi miwili kabla.

Kazi zenyewe zaweza kugawanywa hivi. Kila siku, mtu mmoja hulisha, hutazama joto, na hujaliza maji matupu. Kila juma hupimwa maji, hubadilishwa lita 20 katika tangi la lita 200, na hung'olewa mwani ungali mdogo. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho, watu wakisharudi kutoka umuganda na kunawa, familia yaweza kufanya umuganda wa pili mbele ya kioo. Pampu husafishwa, chombo cha povu huoshwa, taa hufutwa vumbi, na kila jiwe hutazamwa shinani.

Nyumba isiyo na nafasi ya kazi hiyo, au isiyoweza kulipia chumvi na umeme wa usiku na mchana, haina aibu ikianza na tangi la maji baridi lenye samaki wachache. Ni afadhali hivyo kuliko kununua mnyama wa bahari na kumzika baada ya miezi mitatu.

Kwa mwenye matumbawe tayari, alama ya kupona hujulikana. Baada ya majuma sita au nane ya subira, mwani huanza kukatika wenyewe na kupauka. Tumbawe hufungua vidole vyake tena mapema jioni, na ukingoni mwa nyama yake huonekana mstari mwembamba wa rangi hafifu unaosonga mbele juu ya mfupa uliokuwa wazi. Mstari huo upimwe kwa rula mara moja kwa mwezi, na kipimo kiandikwe katika daftari.